Msiniombe Tena Pasiparumu

Nyinyi vijana mnaopita njia yetu hapa Nkungu, mkifika mbele ya nyumba yangu mnasimama. Nawaona kupitia dirishani. Mnatoa simu, mnapiga picha ile sehemu ya nyasi iliyobaki karibu na lango, kisha mnapaza sauti: "Mzee, tupatie mbegu ya hii gazoni!" Mimi nanyamaza kama sijasikia. Mnaondoka mkisema mzee wa watu masikio yameziba. Masikio yangu ni mazima kabisa. Aibu ndiyo inayonikalisha kitini.

Leo nimeamua kuwajibu wote kwa pamoja, tena kwa kuandika, maana nikisema kwa mdomo nitaanza kujitetea. Nitawaambia ninachokijua kuhusu bustani ya nyumbani, na ninajua mengi, sitajishusha kwa uongo. Lakini msome mkikumbuka jambo moja. Mjukuu wangu Keza, aliyekuwa akicheza pembeni ya uwanja mzuri kuliko vyote vya mlima huu, alipimwa mkono mbele ya majirani akaonekana halishwi vizuri. Mjukuu wa mtunza bustani! Kila mtakapoona nimeanza kujisifu, likumbukeni hilo. Na nitajisifu tu, najijua.

Maisha yangu yote ya kazi niliyamalizia katika nyumba moja ya wageni kule Kamembe, kwenye mteremko unaoshukia Ziwa Kivu. Nilianza nikiwa sijui hata kushika mkasi wa kukatia ua. Aliyenipokea aliitwa Mzee Karoli, mtu mfupi wa kofia ya sufu, asiyoivua hata jua likiwaka. Kosa langu la kwanza lilikuwa la maji. Nilikuwa namwagilia mawaridi saa sita mchana, jua likiwa utosini, kwa sababu saa hizo ndipo patroni, mwenye nyumba ile, alipotoka barazani kunywa kahawa, na nilitaka anione natoka jasho. Maji yalikuwa yanakauka kabla ya kufika kwenye mizizi. Jioni mawaridi yote yameinamisha vichwa, na mimi nimechoka bure.

Mzee Karoli alinitazama kwa siku kadhaa. Kisha akaniuliza:

"Weye, unanywesha maua ao unanywesha macho ya patroni?"

Nilicheka nikidhani ni utani. Sasa nacheka kidogo sana nikilikumbuka swali hilo.

Basi shikeni la kwanza. Mwagilia asubuhi mapema au jioni jua likishapoa. Maji yaende kwenye shina, polepole, yasirushwe juu ya majani kama unabariki watu. Kabla ya kumwaga, chomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, weka ndoo chini ukatafute kazi nyingine. Nimeona mimea mingi ikioza kwa sababu mwenye nyumba hana la kufanya jioni, akaamua kuimwagia tena.

Mzee Karoli alinifundisha kupogoa, kuotesha vipandikizi, kutia majivu kuzunguka miche ili konokono wasiifikie. Alinifundisha kwamba mche wa kabichi ukitoka kitaluni hupandwa jioni, ili upate usiku mzima wa kupumzika kabla ya kukutana na jua. Lakini alikuwa na jambo moja lililonikera. Nyuma ya ua wa mawaridi, mahali wageni wasipopaona, alikuwa na tuta lake la dodo, hiyo mboga mnayoiita lengalenga, na wengine wanaiita mchicha. Alikuwa anachuma za kupikia chakula chake cha mchana. Mimi niliona haya kwa niaba yake. Bustani ya wageni na dodo wapi na wapi? Wakija watu wakubwa, nilikuwa nasimama pale mbele ya tuta lile, nimepanua mabega, ili lisionekane. Alipostaafu, jambo la kwanza nililofanya nikiwa mkubwa wa bustani lilikuwa kung'oa dodo zile na kupanda pasiparumu.

Pasiparumu mnaijua, ndiyo hiyo mnayoipiga picha. Nyasi fupi, nene, inayotambaa na kushona ardhi mpaka usione udongo. Huku Rwanda iko kila mahali: mbele ya ofisi, kando ya barabara, kanisani. Na mimi, jamani, niliijua pasiparumu. Unakata vipande vyenye vifundo, unavilaza kwenye mifereji midogo mvua zikianza, unavifunika kidogo, unakanyaga. Kila kifundo kinatoa mizizi yake. Hata ukikikata, ukikitupa kando, ukikisahau, kikipata unyevu kinaanza maisha. Wageni walikuwa wanavua viatu ili wakanyage gazoni yangu kwa miguu mitupu. Kuna mwanamke mmoja alilala juu yake akasema hata kitanda alicholipia si kizuri hivyo. Nililihadithia jambo hilo nyumbani mpaka mke wangu akaniomba nipumzike.

Mke wangu ni Maman Solange. Ni mtoto wa wachuuzi wa Bukavu, na tangu tuoane Kiswahili cha nyumbani kwetu ni chake. Nilipostaafu nilirudi kwake huku Nkungu na gunia la vipande vya pasiparumu mgongoni. Alikuwa amesimama mlangoni akitarajia labda zawadi. Akachungulia ndani ya gunia.

"Papa Solange, ni mayani?"

"Si majani tu. Utaona."

Akaona. Nilipanda mbele ya nyumba, nikapanda ubavuni, nikafika nyuma mpaka jikoni. Palipokuwa na maharage yake ya kupanda mitini, nikapanda. Nilifunga kamba kuzunguka uwanja mzima, na mtu yeyote akitaka kukatiza, awe jirani au mbuzi, nilikuwa napiga kelele: "Hapana kukanyaga!" Majirani wakaanza kuzunguka kwa pembeni, kwenye matope ya mfereji, na mimi nikaona ni heshima.

Mnafahamu kwamba hapa karibu kila nyumba ina bustani ya jikoni. Watu waliijenga pamoja siku za umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji: duara la udongo, juu yake duara dogo zaidi, na juu tena lingine, limeshikiliwa na mawe na magogo ya migomba, na mboga zimepandwa kila ngazi. Ya jirani yetu Maman Eric ilikuwa imeegemea upande mmoja. Siku moja nikiwa na wanaume wenzangu nikaiita keki ya arusi iliyoanguka. Wakacheka sana. Neno hilo likazunguka kijiji, likamfikia mwenyewe, na nilijua limemfikia, kwa sababu alianza kunisalimu kwa ufupi.

Maman Solange hakuomba keki. Aliomba kidogo tu.

"Miye sina kazi na gazoni. Nipatie fasi kidogo karibu na jikoni nipande lengalenga ya mutoto."

Mtoto ndiye Keza. Binti yetu Solange anachuuza ng'ambo, Bukavu, amepanga chumba Kamembe, na huwa anapanda kuja kwetu Jumapili. Keza alikuwa amebaki kwetu tangu alipoachishwa kunyonya. Kwa hiyo kula kwake kulikuwa juu yetu sisi wawili, na hakuna wa kumsingizia.

Sasa nitawaonyesha jinsi mtu mwenye ujuzi anavyoweza kukataa bila kusema hapana. Huku kwetu mwaka una mvua mbili na jua mbili. Mvua za umuhindo huanza Septemba na kwenda mpaka Desemba. Hapo ndipo pa kusia dodo, karoti, vitunguu, na kuandaa kitalu cha kabichi. Mke wangu aliponiomba wakati huo nikamwambia ngoja, udongo umelowa mno, utashikana. Januari likaja lile jua fupi. Huo ni wakati mzuri wa kuotesha miche chini ya kivuli cha majani ya migomba, ili mvua ikirudi uwe tayari. Mimi nikamwambia jua litaiunguza. Mvua kubwa za itumba zikaanza. Kipindi hicho unainua matuta, unachimba njia ya maji, unang'oa majani ya chini ya nyanya yanayogusa udongo kabla ugonjwa haujapanda juu. Nikamwambia mvua itazoa mbegu. Halafu ikaja impeshyi, kiangazi kirefu cha Juni mpaka Agosti, ambapo mtu mwenye akili hufunika tuta kwa nyasi kavu na kulinywesha maji yaliyooshea mboga na mchele. Nikamwambia maji ni haba. Maji ya gazoni, hayo hayakuwa haba.

Kila sababu niliyotoa ilikuwa na ukweli ndani yake. Ndiyo maana naona aibu zaidi. Mtu asiyejua angekuwa na udhuru.

Siku ya kupima watoto ilifanyika kwa Maman Dative, mjumbe wa afya wa kijiji. Mke wangu alikuwa amebanwa na kifua, nikampeleka Keza mimi, nimevaa koti. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mkeka na watoto wao. Maman Dative ana ule utepe wa kuzungushia mkono wa mtoto, wenye rangi tatu: kijani ni vizuri, njano ni hatari inakuja, nyekundu ni ya kukimbilia hospitali. Akauzungusha kwenye mkono wa Keza, akavuta taratibu. Kisha akaniita kwa sauti ndogo.

"Mzee, kuya uone."

Ilikuwa njano.

"Mutoto wa kwa jaridiniye!" sauti ya mwanamke ikasema nyuma yangu, yaani mtoto wa kwa mtunza bustani, na wala haikuwa ya dhihaka. Alikuwa ameshangaa tu.

Nikasema utepe umelegea. Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya watu wote, huku nimeushika mkono wa mtoto. Nikasema utepe huu umezeeka, pima tena. Maman Dative hakubishana. Akaunyoosha, akapima tena, akaniachia nisome mwenyewe. Njano ileile. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningepata mtu wa kumkasirikia.

"Mutoto hana bugonjwa," akasema. "Anakulaka birayi, anakunywa buyi, anashiba, analala. Lakini mwili haupate kitu ya kujijengea. Mumupatie maharage, sambaza, na yai likipatikana. Na mboga, Mzee. Mboga kila siku."

Birayi ni viazi, buyi ni uji, na hivyo vilikuwepo. Sambaza ni vile visamaki vidogo vya Kivu, na Solange angeweza kutuletea kila Jumapili kama tungemwambia. Hatukuwahi kumwambia. Tulikuwa tunanunua mboga mara mojamoja kwa mwanamke wa kikapu, tukisahau hatununui. Keza alikuwa na tumbo la mviringo, na mimi nilikuwa nalipigapiga na kusema, tazama alivyoshiba huyu.

Nilirudi nyumbani nimembeba mgongoni. Alikuwa mwepesi. Mtu mzima niliyebeba mbolea maisha yote, uzito naujua kwa mgongo, lakini wepesi ule sikuwahi kuutambua kabla ya siku hiyo. Nilipofika kwangu nikasimama mbele ya uwanja wangu wa kijani na nikatamani uwe wa mtu mwingine.

Maman Solange alisikiliza, hakunigombeza. Alichukua jembe nyuma ya mlango, na kifua chake kile kikikorofisha, akaenda kuinama karibu na jikoni. Nikamnyang'anya jembe. Msinisifu. Nilimnyang'anya kwa sababu pasiparumu hailimwi kwa jembe. Ukiikatakata umeipanda upya. Nilisimama pale nikamweleza: unatumia uma wa shamba, unalegeza udongo, unafuata kila utambazi mpaka mwisho wake, unaukung'uta, unauanika juu ya mawe au juu ya bati mpaka uwe unavunjika mkononi. Usiutupe kwenye shimo la mboji hata siku moja. Yote hayo niliyasema vizuri sana. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa anza," akasema.

Nikaanza. Nikang'oa sehemu yote ya nyuma, kutoka jikoni mpaka banda la kuku. Lakini ilikuwa itumba tena, ya mwaka uliofuata, mvua kila alasiri, hakuna cha kukauka juu ya mawe. Na nitawaambia ukweli: sikutaka zife. Nilikuwa nimezibeba mgongoni toka Kamembe. Nikazitupa kwenye shimo la mboji, nikajiambia zitaoza zenyewe. Nikajenga tuta, na kwa haraka ya kutaka mtoto ale, nikachota mboji kwenye shimo lilelile, haijaiva, nikaitandaza juu, nikasia dodo.

Baada ya siku chache za mvua na jua nikaona ukijani. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwita mke wangu aje mbio, nikamwita na Keza. Maman Solange akainama, akavuta kijani kimoja, kikaja na kamba yake ndefu yenye vifundo.

"Papa Solange, hii haiko dodo. Hii njo ule mutoto wako mwengine, amerudia."

Halafu akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikaenda kukaa nyuma ya banda la kuku. Ninawaomba muelewe: hilo si kosa la mtu asiyejua. Ni mimi niliyewafundisha vijana wengi Kamembe wasitupe pasiparumu kwenye mboji. Niliwafukuza kazi wengine kwa hilo.

Wakati tuta langu linaotesha gazoni, mtoto alikuwa anakula nini? Hapa ndipo pagumu kwangu kuandika. Siku ileile ya kupimwa, jioni, Maman Eric alikuja na kikapu. Ndani yake dodo, majani ya maboga, karoti zenye udongo bado. Kesho yake akaja mwingine. Walikuwa wamepangana bila kutuambia, leo huyu, kesho yule, wote wenye zile bustani nilizozicheka. Na walikuwa hawakatizi uwanja. Kamba nilikuwa nimeshaikata, sehemu kubwa ilikuwa tope la kuchimbuliwa, lakini bado walikuwa wanazunguka kwa pembeni, kwenye mfereji, kikapu kichwani, ili wasikanyage zile nyasi zilizobaki za Mzee. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya pazia nikiwatazama. Sikuweza kutoka. Nilikuwa nasubiri waondoke ndipo nije mezani, na mboga zenyewe sikuzigusa, nilikula viazi vyangu na chumvi.

Siku moja Maman Eric akasema kwa nguvu, akilielekea pazia:

"Mzee, uko unajificha? Shiye hatukuye kukuona weye. Tunakuya kuona mutoto!"

Nilitoka. Nikamwambia nataka kuja kwake kuomba miche na mbolea safi, kama hataona vibaya. Nikamwambia nitapitia jioni, giza likiingia. 

"Kuya asubui," akasema. "Fumbire yangu haina haya."

Nikaenda asubuhi. Nikaiona ile keki yake kwa karibu kwa mara ya kwanza. Ni kweli imeegemea, lakini imeegemea upande wa jua la asubuhi, na maji machafu ya jikoni yanashuka ngazi kwa ngazi mpaka chini. Chini amepanda vitunguu kuzunguka, katikati karoti, juu dodo ambazo hazing'oi: anakata ncha tu, mmea unachipua pembeni, anakata tena. Hilo lishikeni. Mkulima mvivu anang'oa dodo pamoja na mizizi, kisha analalamika mboga imekwisha. Nikamwomba radhi kwa lile neno langu.

"Ile keki?" akasema. "Tunaikulaka kila siku, Mzee."

Akanijazia kikapu cha hiyo fumbire yake, mbolea ya mbuzi iliyoiva, nyeusi, isiyonuka, na juu yake akaniwekea miche iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Nilikibeba kichwani kupita katikati ya kijiji, mchana kweupe. Wanaume wenzangu walikuwa wamekaa pale dukani.

"Mzee! Gazoni imeanza kula fumbire ya bantu?"

Nikasema si ya gazoni, ni ya mtoto. Mmoja wao akainuka akanishushia kikapu nipumzike shingo. Nilitamani wangecheka tu.

Udongo wote wa lile tuta la kwanza niliuondoa, nikauchekecha kwa mikono, nikatoa utambazi mmoja mmoja, nikauanika ndani ya jikoni juu ya bati la moto mpaka ukawa majani makavu. Nikajenga upya kwa udongo safi na mbolea ya Maman Eric. Mara hii sikumwita mtu kuja kuona.

Siku ya kupimwa tena nilienda na mke wangu. Utepe ukazunguka mkono wa Keza, ukavutwa, ukasimama kwenye kijani. Kijani cha mwanzo kabisa, jirani na njano, lakini kijani. Akina mama wakapiga makofi, Maman Solange akafuta macho kwa kitenge. Mimi nilitazama ule mkono. Miche yangu ilikuwa haijafika hata kwenye kifundo cha mguu. Kile kilichoongezeka kwenye mkono wa mjukuu wangu kilitoka kwenye zile bustani nilizozicheka, na kwenye mfuko wa sambaza wa Solange, ambaye hatimaye tulikuwa tumemwambia. Hakikutoka kwangu, mwenye ujuzi wote huo. Nilisema asante kwa kila mwanamke aliyekuwa kwenye mkeka, nikiwataja majina, na kila jina lilikuwa gumu kulitoa.

Zile nyasi za karibu na lango, mnazozipiga picha, nimeziacha kwa sababu mgongo umekataa, si kwa sababu nazipenda. Kiangazi kikija nitaziondoa. Mkitaka kitu kutoka kwangu, njooni niwape mbegu za dodo, niwaonyeshe kuandaa kitalu, niwaonyeshe kukata ncha. Pasiparumu simpi mtu. Na kama mnayo tayari nyumbani, ichimbieni mpaka kati yake na mboga, mfereji wenye kina cha kiganja, muusafishe kila mvua zikianza na kila zikiisha.

Limebaki jambo moja, na ningeweza kuliacha. Dodo zangu zilipokomaa, asubuhi moja nilimwita Keza tuchume za kwanza pamoja. Nilitaka achume yeye, kwa mkono wake. Alikuja mbio kutoka jikoni, bila viatu, akicheka. Alipofika ukingoni mwa tuta akasimama ghafla. Akaangalia ule ukijani wote, akaweka mikono nyuma ya mgongo, akajisemea mwenyewe kwa sauti nzito, akiniigiza:

"Apana kanyaga."

Nikamwambia ingia, hizi ni zako. Akatikisa kichwa. Nikamwambia Koko amekubali, maana Koko ndivyo anavyoniita. Hakusogea hata kidogo. Ndipo nikainua buti langu, mimi niliyewapitisha majirani kwenye matope nisije nikaona unyayo mmoja, nikalishusha katikati ya dodo, nikazilaza chini mbele ya macho yake. Akalitazama buti, akanitazama usoni. Kisha akatia mguu wake mdogo kando ya wangu, taratibu, huku bado akingoja nipige kelele.